Kuwapenda Watu Wetu na Kuwaambia Kweli

Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 tulilijua neno Makaburu kabla hatujaijua vizuri ramani ya Afrika. Tulilisikia redioni jioni, tukaliimba asubuhi kwenye mchakamchaka, na katika akili zetu za kitoto Kaburu alikuwa mtu mmoja tu: adui. Hatukuwa tumefikiri kwamba Kaburu naye huenda kanisani Jumapili, huwabatiza watoto wake, na husoma Biblia ileile tuliyosomewa sisi nyumbani.

Ndiyo maana tulishangaa, miaka mingi baadaye tukiwa chuo cha theolojia, tulipokutana kwa mara ya kwanza na habari za Beyers Naudé. Alikuwa Kaburu kwa damu na kwa malezi. Alikuwa mchungaji. Na watu wake mwenyewe walimwita msaliti, kwa sababu alisimama mimbarani akasema kwamba ubaguzi wa rangi haupatani na Injili. Darasani tulimsifu. Tuliandika insha za kumsifu, tukapata alama nzuri.

Leo tunarudi kwake kwa sababu nyingine. Tumekaa katika uchungaji muda wa kutosha kuona kwamba swali lililomkabili si la Afrika Kusini peke yake. Swali lenyewe ni hili: mtu anayefichua uovu wa watu wake, yaani ukoo wake, kanisa lake au taifa lake, je, amewasaliti, au amewapenda kuliko wale walionyamaza? Na kanisa linapaswa kumtendea nini mtu wa namna hiyo? Tutaeleza kwanza maisha yake, pamoja na yale ambayo alilaumiwa kwayo, kisha tutarudi nyumbani kwetu.

Mtoto wa ndani

Naudé alizaliwa tarehe 10 Mei 1915 huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Baba yake, Jozua Naudé, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kireformati la Kiholanzi, na katika vita kati ya Makaburu na Waingereza alikuwa miongoni mwa wale waliokataa kusalimu amri hadi mwisho. Mtoto alipewa jina la Jenerali Christiaan Beyers, shujaa wa Makaburu aliyekufa maji mwaka 1914 akiwa katika uasi. Kwa hiyo hata jina lake lilikuwa ukumbusho wa machungu ya watu wake. Tusilidharau jambo hilo. Makaburu walikuwa na kumbukumbu za kweli za kuonewa: mashamba yao yalichomwa moto, wanawake na watoto wao walikufa kwa maelfu katika kambi za Waingereza. Watu walioonewa wanaweza kuwaonea wengine, tena wakafanya hivyo wakiamini kwamba wanajilinda tu.

Mwaka 1918 baba yake alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama kilichoitwa Broederbond, maana yake Umoja wa Ndugu. Chama hicho kilikua kikawa chama cha siri cha wanaume wa Kikaburu walioteuliwa: wachungaji, walimu, wanasiasa, maprofesa. Waliapa kutunza siri, nao wakasaidiana kushika nafasi katika nchi. Beyers Naudé aliingizwa humo mwaka 1940, akiwa bado kijana. Mwaka huohuo alimwoa Ilse Weder, binti wa wamisionari wa Kanisa la Moravian. Akaanza kazi ya uchungaji, akapanda ngazi baada ya ngazi. Mwaka 1948 chama cha National kilipotwaa serikali na kuufanya ubaguzi kuwa sheria, kiliongozwa na mtu aliyekuwa mchungaji wa kanisa lilelile, D. F. Malan. Naudé hakupinga.

Hapo tunapaswa kusimama kidogo. Kwa miaka ishirini mchungaji huyu aliyaona yale yaliyokuwa yakitendeka, akahubiri, akabatiza, akazika, na hakusema neno. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mchungaji mwema kwa washirika wake. Safari aliyoifanya Ulaya na Amerika mwaka 1953 ilimwachia maswali aliyoshindwa kuyajibu. Kisha wachungaji vijana weupe waliotumikia sharika za Waafrika wakamwomba aende akajionee mwenyewe namna watu wanavyoishi. Alikwenda, akaona nyumba walizolala, akasikia jinsi sheria za pasi zilivyowatenga waume na wake zao. Hata hivyo aliendelea kunyamaza kwa muda. Tunalisema hili kwa ajili ya faraja yetu na kwa ajili ya aibu yetu pia. Manabii wengine huitwa wakiwa wachanga kama Yeremia. Huyu aliitikia akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, akiwa na cheo, nyumba na watoto wanne.

Mwaka alipoanza kusema

Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwapiga risasi Waafrika waliokusanyika Sharpeville kupinga sheria za pasi, wakawaua watu 69. Mwezi Desemba mwaka huo, Baraza la Makanisa Ulimwenguni liliitisha mkutano huko Cottesloe, Johannesburg, pamoja na makanisa wanachama wake manane ya Afrika Kusini. Tamko la mkutano huo tukilisoma leo tunaliona la upole. Lilisema kwamba mtu anayemwamini Kristo asizuiwe kuingia kanisa lolote kwa sababu ya rangi yake. Kwamba Maandiko hayakatazi ndoa kati ya watu wa rangi mbalimbali. Na kwamba mtu ana haki ya kumiliki ardhi mahali anapoishi na kushiriki katika utawala wa nchi yake.

Waziri Mkuu Verwoerd alikasirika. Sinodi za Kanisa la Kireformati la Kiholanzi zililikataa tamko hilo mwaka 1961, na kanisa likajitoa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Wajumbe waliokuwa Cottesloe walitakiwa kurudi nyuma. Wengi walirudi. Naudé alikataa. Alianza kuhariri gazeti lililoitwa Pro Veritate, na mwaka 1963 akashiriki kuanzisha Taasisi ya Kikristo, mahali ambapo Wakristo wa rangi zote na makanisa mbalimbali wangesoma Biblia pamoja na kuulizana maswali magumu. Alikuwa amejifunza mengi kutoka kwa Wakristo wa Ujerumani ambao katika Azimio la Barmen la mwaka 1934 walikataa kuliacha kanisa litawaliwe na mawazo ya Hitler.

Viongozi wa kanisa lake walimtaka achague: ama uchungaji, ama Taasisi. Tarehe 22 Septemba 1963, katika usharika wake wa Aasvoëlkop, Johannesburg, alihubiri kutoka Matendo ya Mitume 5:29, pale ambapo mitume wanalijibu Baraza kwamba amri ya Mungu iko juu ya amri ya watu. Aliwaeleza washirika wake uamuzi wake. Aliondoka. Akapoteza haki ya kuhubiri katika kanisa ambalo baba yake alikuwa amelitumikia maisha yake yote. Marafiki waliacha kumtembelea. Watu aliokuwa amewafungisha ndoa walivuka barabara wasikutane naye.

Je, alivunja kiapo?

Hapa ndipo inapokuja lawama ya kwanza, nayo ni nzito kuliko wengi wetu tulivyofundishwa. Kabla ya kujitoa Broederbond mwaka 1963, Naudé alimpa rafiki yake, Profesa Albert Geyser, nyaraka za siri za chama hicho, akitaka ushauri wake kama mwanatheolojia. Geyser alizipiga picha, akampa mwandishi wa habari, na mambo ya siri ya chama yakatokea gazetini. Naudé hakuwa amekusudia hivyo. Lakini alikuwa ameapa kutunza siri, na siri zilitoka kupitia mkono wake. Mwezi Novemba mwaka huo alijitokeza hadharani akakiri kwamba ni yeye aliyezitoa nyaraka hizo. Kwa Makaburu wengi, jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko mahubiri yote. Mtu asiyeheshimu neno lake, walisema, atatufundisha nini juu ya Neno la Mungu?

Tusilipuuze swali hilo. Katekisimo Ndogo, katika maelezo ya amri ya nane, inatufundisha kumtetea jirani yetu, kumsema kwa wema na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mzuri. Mwenzetu wa Broederbond ni jirani pia. Alituamini. Tukisema tu kwamba lengo lilikuwa jema, basi tumefungua mlango kwa kila mtu anayetaka kumwaga siri za wenzake na kujiita nabii.

Hata hivyo Walutheri tunayo historia yetu juu ya viapo. Martin Luther alikuwa mtawa aliyeweka nadhiri mbele ya Mungu, na mwaka 1521 aliandika kitabu kizima kueleza kwamba nadhiri inayopingana na Injili haiwezi kuifunga dhamiri. Mwaka 1525 alioa, tena alimwoa mtawa. Maadui zake nao walimwita mvunja kiapo. Hatuwezi kusherehekea Sikukuu ya Matengenezo kila Oktoba, kisha tuseme kwamba kiapo ni kiapo na mazungumzo yaishe hapo.

Sisi tunaona hivi. Kosa la Naudé lilianza mwaka 1940, siku alipoapa. Mchungaji hana ruhusa ya kuapa kwamba atawaficha waumini wake jambo linalohusu maisha yao na kumwachia kundi fulani la siri lipange mambo ya kanisa kutoka nje ya kanisa. Kiapo cha namna hiyo kikishawekwa, mtu amejifunga kamba mbili: akikitunza anakosa, na akikivunja anakosa pia. Hakuna njia safi ya kutoka. Kilichobaki ni kutubu, kutoka, na kubeba mzigo wa uamuzi wake waziwazi. Naudé aliubeba. Hakujificha nyuma ya rafiki yake. Hilo halimfanyi asiwe na deni kwa wale waliomwamini, lakini linamtofautisha na mchongezi. Mchongezi hupenda jina lake lisitajwe.

Je, mchungaji aliingia siasa?

Lawama ya pili ilikuwa kwamba ameacha Injili, amekuwa mwanasiasa, tena mkomunisti. Profesa mmoja wa theolojia aliandika hivyo juu yake na Geyser. Wakamshtaki kwa kuwachafulia jina, na mwaka 1967 wakashinda mahakamani. Lakini lawama haikuisha, kwa sababu kadiri miaka ilivyokwenda Naudé alizidi kusogea karibu na Waafrika waliokuwa wakidai uhuru. Mwaka 1974, katika mkutano wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini huko Hammanskraal, aliunga mkono azimio lililowataka Wakristo wafikiri kama ni halali kubeba silaha kuilinda jamii iliyojengwa juu ya dhuluma. Serikali ilighadhabika. Hata Wakristo weupe waliopinga ubaguzi waliona amekwenda mbali.

Sisi Walutheri twapaswa kulisoma jambo hili kwa makini. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linamruhusu Mkristo kuwa askari katika vita vya haki. Azimio la Hammanskraal halikuanzisha fundisho jipya. Lilichukua fundisho hilo la zamani likaliuliza serikali ya Pretoria: vita vyenu ni vya haki? Kama vita vinavyoruhusiwa ni vya haki tu, basi lazima mtu awe na ruhusa ya kuuliza. Ajabu ni kwamba waliokasirika ndio waliozoea kunukuu Warumi 13 kila Jumapili.

Fundisho letu la tawala mbili za Mungu limetumiwa vibaya mara nyingi. Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa Neno ndani ya kanisa na kwa sheria ndani ya nchi. Wengine wakageuza wakasema kwamba mambo ya nchi hayamhusu mchungaji. Lakini kama tawala zote mbili ni za Mungu, basi mtawala naye ana Bwana wake, na kazi ya mhubiri ni kumkumbusha. Kuhubiri neema kwa mtu aliyemnyang'anya mwenzake shamba, bila kumtajia shamba, ni kumwibia neema yenyewe, kwa sababu hajui anasamehewa nini.

Tume ya serikali iliyoongozwa na mbunge Schlebusch ilimwita Naudé atoe ushahidi juu ya Taasisi yake mwaka 1973. Alikataa, kwa sababu tume hiyo ilifanya kazi yake faraghani. Angalieni mabadiliko hayo: mtu aliyewahi kuapa siri sasa anakataa kusema lolote isipokuwa hadharani. Alihukumiwa kulipa faini au kwenda gerezani. Akachagua gereza, akalala humo usiku mmoja tu, akatoka kwa kuwa mtu mwingine alimlipia.

Dar es Salaam na Johannesburg, 1977

Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa sita katika nchi yetu, Dar es Salaam. Huko ndiko Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikochaguliwa kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Na huko ndiko Walutheri wa dunia walikotamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi si suala la maoni ya kisiasa. Ni suala la ungamo la imani. Kanisa linaloukubali ubaguzi linaikana imani yenyewe.

Tunajivunia tamko hilo, na ni haki kujivunia. Lakini tukumbuke kwamba lilielekezwa kwa Walutheri wenzetu. Kusini mwa Afrika palikuwa na makanisa ya Kilutheri ya weupe yaliyojitenga na ndugu zao weusi, wakati yote yalikuwa na Katekisimo ileile. Mwaka 1984, huko Budapest, makanisa mawili kati ya hayo yalisimamishwa uanachama. Ugonjwa tuliouona kwa Wareformati ulikuwa pia ndani ya nyumba yetu.

Miezi mitatu baada ya mkutano wa Dar es Salaam, tarehe 12 Septemba 1977, Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi. Tarehe 19 Oktoba serikali ilipiga marufuku mashirika mengi ya Waafrika, na pamoja nayo Taasisi ya Kikristo. Naudé alipigwa marufuku yeye binafsi. Maana yake ni kwamba hakuruhusiwa kuhutubia, wala maneno yake kuchapishwa, wala kutoka nje ya wilaya ya Johannesburg, wala kukaa na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hali hiyo ilidumu miaka saba.

Mhubiri ambaye anaruhusiwa kuzungumza na mtu mmoja tu! Serikali ilidhani imemmaliza. Lakini watu walimwendea nyumbani, mmoja akiingia, mwingine akisubiri zamu yake: vijana weusi, wachungaji, wageni kutoka nchi za nje. Sisi tunaohesabu mahudhurio ya ibada na kuyaandika katika taarifa za mwaka tungefanya vema kuitafakari huduma hiyo ya mtu mmoja mmoja.

Mwaka 1980, akiwa bado chini ya marufuku, alihama kutoka kanisa la weupe alilobaki ndani yake kama mshirika wa kawaida, akajiunga na tawi la Waafrika la Kanisa hilohilo. Alipofunguliwa mwaka 1984, wakati haukuwa mrefu akachukua nafasi ya Desmond Tutu kama katibu mkuu wa Baraza la Makanisa la Afrika Kusini. Mwezi Mei 1990, chama cha ANC kilipokutana na serikali kwa mazungumzo ya kwanza ya wazi, Naudé alikaa upande wa ANC, ingawa hakuwa mwanachama wake. Mwaka 1994 Sinodi Kuu ya kanisa lililomfukuza ilimpokea na kukiri kosa lake juu yake. Alifariki tarehe 7 Septemba 2004, na majivu yake yakatawanywa Alexandra, mtaa wa Waafrika. Barabara kubwa ya Johannesburg iliyokuwa ikiitwa kwa jina la D. F. Malan sasa inaitwa kwa jina lake. Wachungaji wawili wa kanisa moja, na barabara moja.

Alama tatu

Tukiyatazama maisha haya, tunaona alama tatu zinazotusaidia kupambanua kati ya msaliti na mtu anayewapenda watu wake kwa kweli. Tunazihitaji, maana si kila anayelilaumu kanisa ni nabii. Wapo wanaolaumu kwa sababu walikosa cheo.

Ya kwanza ni kwamba huanza na wake, ana kwa ana. Naudé alisema Cottesloe mbele ya wajumbe wenzake, akasema katika sinodi yake, akasema katika usharika wake. Dunia ilikuja kumsikia baadaye. Ya pili ni kwamba gharama huilipa yeye. Kama maneno ya mtu yanampatia sifa na wengine ndio wanaoumia, tuwe na mashaka. Ya tatu ni kwamba haondoki moyoni. Naudé angeweza kuhamia Ulaya, ambako angepokelewa kwa heshima. Alibaki. Alizungumza Kiafrikana hadi mwisho, na siku walipomwita tena, alikwenda.

Yeremia naye aliitwa msaliti. Aliposhushwa katika shimo la matope, waliomshusha walisema anaidhoofisha mikono ya askari. Lakini ni yeye aliyebaki na mabaki ya watu wake mji ulipoanguka.

Nyumbani kwetu

Sasa turudi nyumbani kama tulivyoahidi. Katika miaka yetu ya kwanza ya uchungaji tulitumikia usharika mmoja wa milimani. Mjane mmoja kijana alinyang'anywa kihamba alichoachiwa na mumewe. Aliyemnyang'anya ni shemeji yake, mzee wa kanisa, mtu mkarimu, ambaye katika harambee ya jengo letu jipya alikuwa ametoa kuliko wote. Kila mtu alijua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwisha kutamka haki ya mwanamke juu ya ardhi, lakini hakuna aliyeitaja.

Mama mmoja, naye mzee wa kanisa, tena wa ukoo uleule wa shemeji huyo, alisimama katika Baraza la Wazee akasema. Alisema kwa heshima, akamtazama ndugu yake usoni. Akasema kwamba jengo letu lina tofali za mjane ndani yake. Kimya kilitanda. Kisha ikaanza mijadala: kwa nini ameleta mambo ya ukoo kanisani, kwa nini anatuaibisha wakati askofu anakuja kuweka wakfu jengo, kwa nini anawagawa watu. Mwisho tulipiga kura kwamba mama yule apumzike katika nafasi yake, kwa ajili ya amani ya usharika. Sisi tuliopata alama nzuri kwa insha juu ya Beyers Naudé tulinyosha mkono pamoja na wengine.

Jengo liliwekwa wakfu. Ibada ilikuwa nzuri. Mama yule alihamia usharika mwingine, akitembea mwendo mrefu zaidi kila Jumapili.

Tulimfuata baada ya miaka kadhaa, tukiwa tumeshahamishiwa kwingine. Alitupokea vizuri, akatuwekea chai na ndizi. Tulimwomba radhi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilipumzishwa tu. Nina nyumba yangu, nina wanangu. Yule mjane je, mmeshafika kwake?"

Hatukuwa tumefika. Hatukujua hata alihamia wapi na watoto wake.

Jibu hilo lilitufundisha jambo ambalo hatukuliona katika insha zetu. Tulikuwa tumegeuza habari yote kuwa ya nabii na kanisa, nani alimkosea nani, nani amwombe nani radhi. Mama yule hakuwa amesimama ili awe nabii. Alisimama kwa ajili ya mtu aliyenyang'anywa shamba. Kama kanisa linamheshimu aliyesema, likampa cheti au likaita ukumbi kwa jina lake, lakini halimrudishii mnyonge chake, basi limemsikia nusu tu. Tunadhani hata sinodi ya mwaka 1994 isingetosha kama ingeishia kwa Naudé, kwa sababu waliodhulumiwa walikuwa wengine.

Kwa hiyo tukirudi kwenye swali letu, tunajibu kwamba anayewaambia watu wake kweli hajawasaliti. Amewatendea kama watu wanaoweza kutubu, na hiyo ni heshima kubwa kuliko sifa. Walionyamaza ndio waliokata tamaa juu yao. Tulipomnyamazisha yule mama tulidhani tunamlinda ndugu yake. Kwa kweli tulimwacha na dhambi yake, akafa nayo miaka miwili baadaye, tukamzika kwa heshima zote za kanisa bila kuwahi kumwuliza habari za kihamba kile.

Wachungaji wenzetu na wazee wa kanisa, tunawaomba jambo dogo. Siku nyingine neno amani litakapotajwa katika Baraza ili shauri lifungwe, mmoja wetu aulize: amani ya nani? Kisha tusipige kura mpaka mtu aliyedhulumiwa ametajwa kwa jina lake, na mmoja wetu amepewa kazi ya kwenda kwake kabla ya Jumapili.

Mjane yule bado tunamtafuta.